Kujitolea kwa Nani?

Wiki tatu kabla ya mtihani wa kidato cha nne, vijana sita walibisha hodi nyumbani kwetu Ukwamani, Kawe, saa moja jioni. Wote wanafahamika pale nyumbani. Kila Jumamosi wanakaa uani kwetu kwenye mabenchi mawili na ndoo zilizopinduliwa, wanafundishwa na kaka yangu. Safari hii hawakumfuata yeye. Walinifuata mimi.

“Dada, wewe si unasoma Kiswahili pale Mlimani? Tuandikie risala. Tumepata mgeni rasmi.”

Walitaka kitu kizito. Mmoja alisema “chenye misamiati.” Nikawaambia waache, nitawapa Alhamisi. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nilishaandika risala nyingi tangu nikiwa sekondari: za mahafali, za kikundi cha akina mama cha mtaani, hata moja ya harusi. Lakini hii ilinishinda, na makala hii nimeiandika ili nijue kwa nini.

Kila aliyesoma Tanzania anaijua risala hata kama hajawahi kuandika. Huanza na Mheshimiwa mgeni rasmi, kisha shukrani, kisha historia fupi ya kikundi, mafanikio, changamoto, na mwisho maombi, ambayo ndiyo sababu ya kuandikwa kwake. Mgeni rasmi hujibu kwa nasaha, na nasaha nazo zina umbo lake. Kama wanaosikiliza ni vijana wa kiume wa uswahilini kama hawa, wataambiwa wakae mbali na vijiwe, bangi na mikeka ya kubeti. Wasome kwa bidii. Wao ni taifa la kesho. Na wakifanikiwa wasisahau kurudi kujitolea kwa jamii iliyowalea. Makofi. Soda. Picha ya pamoja.

Darasani tunachambua utenzi, tendi, ngano, nyimbo za jando, hata maandishi ya kwenye khanga na nyuma ya daladala. Sijawahi kuona mtu akiichambua hotuba ya nasaha kwa vijana kama fasihi, ingawa pengine ndiyo tanzu ambayo kijana wa Kitanzania huisikiliza mara nyingi kuliko zote, akiwa amesimama mstarini juani. Ina wahusika wake, ina njama yake, na ina sitiari yake kuu. Sitiari hiyo ina mwenyewe.

Miaka ya mwanzo ya uhuru Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano aliopenda kuutumia kuhusu wasomi. Kijiji kina njaa. Chakula kilichobaki ni kidogo mno. Wanakijiji wanakubaliana kumpa kijana mmoja chakula chote ili apate nguvu ya kutembea mpaka mbali akalete msaada. Kijana akila, akaenda, asirudi, huyo ni msaliti. Ni mfano mfupi na umejengwa vizuri. Una njaa, una safari, una deni, na msikilizaji hana pa kukimbilia, kwa sababu tonge tayari limo tumboni mwake. Nasaha zote nilizozisikia tangu shule ya msingi ni vitukuu vya kijana yule. Neno “msaliti” tu ndilo limeondolewa, pakawekwa “msisahau mlikotoka.”

Mfano huo ulijaribiwa hadharani mapema. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana pamoja na wenzao wa vyuo vingine kupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa. JKT ilikuwa imeanzishwa mwaka 1963 kwa vijana waliojiunga kwa hiari. Sasa wasomi wote walitakiwa kuitumikia kwa miaka miwili, na kwa miezi 18 kati ya hiyo wangefanya kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Waliandamana wakiwa wamevaa majoho. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na zaidi ya wanafunzi 300 wakafukuzwa, wakarudishwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata, ambao ndio mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea.

Zamani nilikuwa nawaona wale wenye majoho kuwa walafi tu. Bado naona ni vigumu kuwatetea. Asilimia 40 ya mshahara wa msomi wa 1966 ilikuwa bado fedha nyingi machoni pa mkulima wa pamba. Ila ninachokiona siku hizi ni kwamba pande zote mbili zilikuwa ndani ya mfano mmoja. Hakuna aliyebisha kwamba chakula kililiwa, wala kwamba kijiji kipo na kinasubiri. Walichobishania ni kiasi cha kurudisha. Naye mkuu wa kijiji, kabla ya kumdai kijana, alipunguza sahani yake mwenyewe mbele ya watu. Mgeni rasmi wa siku hizi hana tukio hilo katika hotuba yake.

Halafu chakula chenyewe kikabadilika. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Sina ugomvi na hilo hapa. Bila Bodi nisingefika Mlimani. Nasema tu kwamba kijana wa leo hakupewa chakula na kijiji. Amekikopa, akasaini, na kiasi kimeandikwa. Anayesimama mbele yake kumsimulia mfano wa kijiji chenye njaa anamdai mara mbili, kwa karatasi na kwa hadithi, na deni la hadithi halina siku ya kuisha.

Kwa kaka yangu hayo yote yalitokea kwa zamu. Ana shahada ya ualimu, masomo ya Jiografia na Historia. Alipomaliza, ajira hazikutoka kwa masomo yake. Wenye masomo hayo ni wengi, na kila mmoja anamjua mwingine anayesubiri. Akaenda kufundisha shule moja ya sekondari kama mwalimu wa kujitolea. Wasomaji wa nje ya Tanzania wanaweza wasielewe maneno haya. Mwalimu wa kujitolea ni mwalimu mwenye sifa zote, anayeingia darasani saa ile ile na wenzake, anasahihisha madaftari yale yale, na mwisho wa mwezi anapewa posho ya nauli inayotokana na michango, mwezi ambao michango imepatikana. Anavumilia akitumaini kwamba siku nafasi zikitangazwa, watamkumbuka. Kaka alikaa miaka miwili na miezi mitatu. Nafasi zilipotangazwa hakuwemo. Alipewa cheti cha kutambua mchango wake, chenye mihuri miwili. Mama alikiweka kwenye fremu. Kaka akakitoa ukutani bila kugombana na mtu, na mwezi uliofuata akaanza kuendesha bodaboda ya jirani kwa hesabu ya kila siku.

Kwa hiyo nilipoandika katika rasimu ya risala kwamba vijana wanamshukuru “mwalimu wetu wa kujitolea,” nilidhani nampa heshima. Aliisoma amesimama mlangoni, helmeti mkononi.

“Futa hilo neno.”

“Lipi?”

“Kujitolea. Nilishajitolea. Hawa nawafundisha.”

Akatoka kuwahi abiria. Nilibaki na kalamu na neno moja lililokatwa.

Hebu tulitazame neno hilo. Mzizi ni toa. Ukiongeza ji, mtendaji na mtendwa wanakuwa mmoja: kujitoa. Kiswahili kingeweza kuishia hapo, na kujitoa ni neno lenye maisha yake, kwa kawaida maisha ya kuondoka: kujitoa kwenye kikundi, kujitoa kwenye chama. Lakini kujitolea kina kile kiambishi cha kutendea ndani yake. Kiambishi hicho kazi yake ni kuelekeza: pikia nani, andikia nani, lilia nani. Kitenzi cha kutendea kinachosimama bila mtendewa huacha swali hewani. Kujitolea kwa nani? Sarufi inauliza; hotuba haijibu. Inajibu “kwa jamii,” na jamii ni neno ambalo mgeni rasmi akilitamka hakuna mtu pale uani anayegeuka kuitika.

Kwa kutotaka kuandika risala, nikarudi vitabuni. Hii ndiyo tabia yetu.

Nilianza na Utubora Mkulima wa Shaaban Robert, uliotoka mwaka 1968, mwandishi akiwa amefariki tangu 1962. Utubora anaacha kazi ya mjini inayomlipa, anakwenda shamba, Busutamu, analima, anaishi na watu vizuri, na watu wanakuwa bora kwa kuishi naye. Ni kitabu ambacho mgeni rasmi angekipenda kama angekisoma. Nami nakipenda, kwa sababu Shaaban Robert anajua kuandika utulivu, na utulivu ni mgumu kuandika. Lakini nilipojaribu kukiweka mikononi mwa wale vijana sita, nikaona kitateleza. Jina la mhusika limeshamaliza kila kitu kabla hajafungua mlango. Utubora hawezi kushindwa. Angeshindwa, angelazimika kubadilishwa jina. Na Utubora anaacha kazi. Hawa hawana kazi ya kuacha. Tendo zuri kuliko yote katika riwaya ile, la mtu kugeuka akaipa kisogo fedha, linahitaji kwanza fedha iwe mbele yako.

Kisha nikafungua Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 na alihitimu pale Mlimani mwaka 1970, yaani alisoma katika chuo ambacho kumbukumbu ya majoho barabarani ilikuwa bado mbichi. Msimulizi wake, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Tunamkuta likizoni, akisubiri kuonana na Mkuu wa Wilaya ili apate kazi, na Mkuu wa Wilaya ni Manase, aliyekua naye. Baadaye tunajua kwamba Manase amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto anapanga kulipa kisasi kupitia Sabina, dada yake Manase, na mwishowe anamwoa. Mwisho kabisa anajiua.

Walimu wengi huifundisha riwaya hii kama kitabu cha kukata tamaa. Unatajwa udhanaishi, wanatajwa wanafalsafa wa Ufaransa, mtihani unajibiwa. Nilikuwa nimeisoma hivyo mara mbili. Safari hii, nikiwa na risala isiyokamilika mezani, niliona jambo la kawaida zaidi. Kazimoto anarudi kijijini na hakuna anayempa kazi ya kufanya kwa ajili ya mtu yeyote. Anaheshimiwa, anaogopwa kidogo, watu wanamwona kama mgeni aliyefika na elimu yake kichwani. Yule kijana wa mfano wa Nyerere amerudi, yuko pale kijijini, na kijiji hakijui kimtume nini. Yeye naye hajui aombe nini. Wanatazamana. Hapo ndipo kichwa kinapojaa maji.

Na jina lake ni Kazimoto. Shaaban Robert alimpa kijana wake jina la kuishi nalo. Kezilahabi alimpa wake jina la kumcheka.

Wapo wasomi wa nje waliofika hapo hapo kwa njia nyingine. W. E. B. Du Bois, mwaka 1903, aliandika kwamba watu weusi wa Marekani wataokolewa na sehemu yao ya kumi iliyo bora, vijana waliosoma sana watakaorudi kuwainua wengine. Ni mfano wa kijiji chenye njaa, kwa mavazi ya Atlanta. Mwaka 1948, akiwa na miaka 80, alisimama mbele ya hao hao wasomi akakiri kwamba alikosea: alidhani ukishampa mtu elimu, moyo wa kujitoa utakuja wenyewe. Aliishi miaka mingi akiona hauji. Ninachomheshimu nacho ni kwamba alikwenda kulisema kwenye chumba kile kile. Mgeni rasmi wetu hana nafasi ya kurudi baada ya miaka 45 na kusema, vijana, ile hotuba yangu ilikuwa na kasoro.

Lipo jambo jingine ambalo lilinisumbua nikiandika, na nitalisema haraka kwa sababu si mimi wa kwanza. Hotuba hizi zinawalenga wavulana. Inasemwa ni kwa sababu wavulana ndio walio hatarini, na kwa Kawe yangu si uongo; nikihesabu niliosoma nao shule ya msingi, waliopotelea vijiweni wengi ni wa kiume. Lakini jaribu kumwambia msichana wa Ukwamani ajitolee kwa jamii. Atakuuliza aanze saa ngapi, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri ana maji ya kuteka na mdogo wake wa kumwandaa. Katika Kichwamaji, wanaume wawili wasomi wanalipana madeni yao kwa miili ya dada zao, na Rukia hafiki mwisho wa kitabu. Kezilahabi hakutoa nasaha juu ya hilo. Aliliweka tu pale, na nadhani wasomaji wa kiume huliruka wakikimbilia falsafa. Mimi mwenyewe niliombwa kuandika risala ambayo jina langu lisingekuwemo, na mpaka naandika mstari huu halikuwa limenijia akilini kwamba nami nilikuwa najitolea.

Lakini nirudi uani, maana huko ndiko nilikokwama.

Jumatano, siku moja kabla ya kukabidhi, yule mdogo kuliko wote alikuja peke yake kuulizia. Ni mpole, mrefu, kaptura ya shule imeshamwishia juu ya magoti. Aliketi kwenye ndoo yake ya kawaida, kana kwamba ni Jumamosi.

“Dada, kuna kitu nataka uweke. Kwenye changamoto.”

“Sema.”

“Mgeni rasmi atatuambia tusome, tukimaliza tuje tujitolee. Sasa Ticha amesoma, akajitolea, na sasa hivi yuko kijiweni pale Kawe mwisho. Sisi tukisikia hivyo, tunatakiwa tupige makofi?”

Hakuwa anakejeli. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza kama daftari linatakiwa kuwa na jalada.

Nilimwambia nitafikiria namna ya kuliweka. Sikuliweka. Niliandika kwamba “changamoto kubwa ni uhaba wa ajira kwa wahitimu,” sentensi ambayo imeandikwa katika kila risala ya nchi hii na haijawahi kumfanya mgeni rasmi yeyote akohoe. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii. Nilikuwa na swali zuri kuliko yote niliyosoma kwenye vitabu vya nadharia muhula huo, nikalivalisha suti. Nilijiambia nawalinda, kwamba mgeni angeudhika na wasingepata mashine ya kunakilia mitihani waliyokuwa wanaiomba. Huenda ni kweli. Lakini pia ilikuwa rahisi zaidi kwangu.

Kama leo ningeulizwa ni maandishi gani kijana wa Kawe apewe ili asome kwa bidii na awe mtu wa watu, nisingempa hotuba, na Utubora ningempa baadaye kidogo, akishaanza kupata kipato. Ningempa Kichwamaji, nikae naye. Najua wapo wazazi watakaoshtuka: unampa mtoto kitabu ambacho msomi anajiua? Sawa, nikae naye, nimesema. Nampa kwa sababu ni kitabu kinachomwambia ukweli kwamba elimu inaweza kumtenga na watu wake, kwamba kurudi ni kazi yenyewe, na kwamba akirudi bila kuwa na mtu maalumu wa kumfanyia kitu maalumu, ataishia kujiangalia mwenyewe. Hotuba inamficha hayo. Inamwonyesha safari, haimwonyeshi siku ya pili baada ya kufika.

Na kaka yangu, ambaye hajasoma Kichwamaji na anasema hana mpango, amelijibu swali la kile kiambishi bila kujua. Anawafundisha sita. Anawajua majina, anajua baba wa yupi anavua na wa yupi hayupo. Mama wa mmoja wao huleta dagaa siku akijaliwa. Mwingine hufua helmeti na viakisi-mwanga vya bodaboda. Hakuna aliyeketi akapanga malipo haya, na yeye hakatai. Shuleni alikuwa anatoa, na hakuna aliyekuwa amenyoosha mkono kupokea kwa jina lake. Palikuwa na fomu. Sidai kwamba uani kwetu ni bora kuliko ajira. Mwalimu anatakiwa kulipwa mshahara. Nikisikia mtu anatumia habari ya kaka kuwaambia walimu wengine wavumilie, nitajuta kuiandika.

Sherehe ilifanyika Jumamosi, si mbali na viwanja vya Tanganyika Packers, kwenye ukumbi mdogo wa kuazima. Siku hiyo viwanja vyenyewe vilikuwa na mkutano wa injili na spika zao zilitufikia. Mgeni rasmi hakuweza kuja. Alituma mwakilishi, kijana wa umri wa kaka yangu, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Risala ilisomwa na yule mwenye misamiati. Ilisomwa vizuri. Mwakilishi akajibu kwa nasaha, na nikiwa nyuma karibu na kreti za soda nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini katikati alinyamaza kidogo, akasema naye alijitolea miaka mitatu kabla ya kupata kazi, kisha akaendelea na yaliyoandikwa kwenye karatasi yake. Vijana walipiga makofi. Yule mrefu alipiga pia, polepole, akinitazama.

Kaka hakuwepo. Alikuwa amepeleka abiria Bunju. Alifika nyumbani saa mbili usiku, akauliza kama soda zimebaki, akanywa moja amesimama. Mashine ya kunakilia “itafanyiwa kazi.” Hakucheka wala hakuguna.

“Jiografia wanafanya lini?” akaniuliza.

Nikamwambia. Akaenda kwenye cherehani ya mama, akakata uzi mweusi vipande sita, kila kimoja kama urefu wa mkono, akavizungushia kwenye kiberiti. Ni vya swali la ramani. Unaulaza uzi juu ya barabara, unaufuata kila mahali inapopinda, kisha unaunyoosha kwenye kipimo upate kilomita.

“Yule mrefu,” akasema, “huwa anauvuta. Akiuvuta anapata umbali mfupi.”